Maswali Yaliyokatishwa

Nilikuwa chini ya meza ya wauguzi, wodi ya wanaume, nikichomeka waya uliolegea, niliposikia mtu anavuta pumzi vibaya. Nikatoa kichwa. Kwenye kitanda cha karibu na mlango mzee mmoja aliyekuwa ametoka kuchomwa sindano alikuwa amekaa wima, ameshika shuka kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa unajaa huku nikiutazama. Midomo ilitoka nje. Macho yalizama ndani ya nyama. Muuguzi wa zamu alitupa trei, akakimbilia kabati la dawa za dharura, akarudi na sindano nyingine, akamchoma pajani huku akipiga kelele daktari aitwe. Mimi nilibaki nimepiga magoti na waya wangu mkononi.

Mzee yule hakufa. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amelala ubavu, anakoroma kawaida, na uvimbe umeanza kushuka. Lakini hofu niliyoipata pale chini ya meza iliingia mwilini, na kwa siku zilizofuata ilizidi kukua.

Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kompyuta wa hospitali ile, juu huku Mbulu, kwenye baridi. Kwetu ni Gitting, upande wa Hanang, na wazazi wangu ni wakulima wa ngano na maharage. Nilisoma Arusha, na nilipomaliza kila mtu alijua nitabaki mjini, kwa sababu kazi za kompyuta zilikuwa huko. Ila miaka ile Manyara ilikuwa imeshakuwa mkoa wetu wenyewe, na watu binafsi walikuwa wanapanda milima kuuza mashine na mifumo, hospitali zinaacha kadi za makaratasi na kuhamia kwenye skrini. Hospitali yetu nayo ikanunua mfumo kwa kampuni ya Arusha, na mimi nikaajiriwa kuutunza. Hakuna aliyeniita kwa jina. Walisema, "Muite aiti."

Muuguzi aliyemchoma mzee sindano alikuwa dada kwangu, ingawa hatukuwa ndugu. Nilipanga chumba nyumbani kwake. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mjane, mtu wa ibada ya asubuhi, na sijawahi kuona muuguzi makini kama yeye. Alikuwa akifunga mlango wa nyumba, anarudi kuusukuma tena ahakikishe.

Mchana ule tuliitwa wote wawili ofisini kwa mganga mfawidhi, daktari aliyekuwa akiongoza hospitali. Nilimsalimia, "Shikamoo, dokta," akaitika bila kuniangalia.

Akamuuliza dada, "Kabla ya kumchoma yule mzee penisilini, uliangalia mzio wake?"

"Niliangalia, dokta. Nilifungua pale pale wodini. Sehemu ya mzio ilikuwa tupu."

Daktari akaigeuza skrini yake itutazame. Faili la mzee lilikuwa wazi, na katikati yake, kwa maandishi mekundu, iliandikwa kwamba mgonjwa huyu hapatani na penisilini.

"Sasa hii ni nini, sista?"

Dada alisogea karibu, akasoma, akasoma tena. "Mimi sikuiona hiyo. Palikuwa patupu."

Daktari akanigeukia. "Wewe. Kuna mtu ameingia leo akaongeza haya maandishi?"

Nilikaa kwenye kompyuta yake nikaangalia. Mfumo ulikuwa unaonyesha nani ameandika nini na lini. Nilitamani nikute kitu. Sikukuta.

"Hapana, dokta. Yameandikwa tangu zamani. Hayajaguswa."

Nilisema ukweli, na ukweli wangu ulimwangukia dada kichwani. Daktari alimwambia akae nyumbani mpaka kikao cha uongozi. Nje, kwenye veranda, watoto wa mzee, wanaume wazima, walikuwa wamesimama na makoti yao. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba wakitoka pale wanaenda polisi. Dada alipita katikati yao ameinamisha kichwa, na walimpisha kwa namna inayotisha kuliko kama wangemzuia.

Nilimfuata mpaka getini.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mimi nina macho. Nilifungua lile dirisha la mzio kwenye skrini. Lilikuwa tupu." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Au ndiyo naanza kuzeeka?"

Hilo swali lilinipeleka mbio kwenye chumba cha seva.

Seva ni ile kompyuta iliyotunza taarifa zote za hospitali. Kila muuguzi alipofungua dirisha la mgonjwa, mfumo ulituma swali kule: mtu huyu ana mzio gani? Seva inatafuta, inajibu, jibu linatokea kwenye skrini. Kwa siku nyingi jibu hilo huja kabla hujafumba jicho. Na seva yetu ilikuwa na uwezo mmoja ambao nilikuwa nimeuwasha nilipoanza kazi, kwa kuwa mwalimu wangu wa Arusha alisisitiza: ilijiwekea historia ya kazi yake yenyewe. Ilikumbuka kila aina ya swali, njia iliyotumia kulitafutia jibu, muda uliotumika, na kama swali lilifika mwisho au lilikatishwa njiani. Sikuwahi kuifungua historia hiyo kwa kazi ya maana. Ilikuwa inaandikwa tu, siku hadi siku.

Nikatafuta swali la mzio, nikaliangalia saa ile ya asubuhi.

Kwa kawaida grafu yake ilikuwa mstari uliolala chini. Asubuhi ile ulikuwa umepanda kama ukuta. Na chini yake, kwenye safu ya maswali yaliyokatishwa, ambako nilitegemea kuona sifuri, palikuwa na maswali. Mengi. Nilimpigia simu fundi wa ile kampuni ya Arusha.

"Kaka, swali la mzio likichelewa sana, mfumo wenu unafanyaje?"

"Unalikatisha. Hauwezi kumsubirisha mtumiaji milele."

"Halafu kwenye skrini panatokea nini?"

Nilisikia akiandika. "Panabaki patupu," alisema.

"Patupu kama mtu asiye na mzio?"

Aliposema ndiyo, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Nilikaa chini sakafuni. Dada hakuwa ameona vibaya. Daktari naye hakuwa ameona vibaya, kwa maana yeye alifungua faili zima kutoka ofisini, na hilo lilikuwa swali lingine, lenye njia nyingine. Muuguzi aliyesimama wodini aliletewa ukimya, na ukimya huo ulifanana kabisa na jibu.

Kilichofanya swali lichelewe nilikielewa taratibu, kwa kulinganisha siku nzuri na siku mbaya ndani ya ile historia. Seva ilipowashwa upya ilisahau njia zake. Mgonjwa wa kwanza kufunguliwa faili ndiye aliyeamua njia mpya. Akiwa mtu wa faili nene, mgonjwa wa miaka mingi, seva ilichagua njia ya kubeba mizigo, na siku nzima ilikwenda vizuri kwa wote. Akiwa mtu aliyefika mara moja au mbili tu, ilichagua njia ndogo ya mkato, na kila mwenye faili nene aliyemfuata alikwama humo. Na umeme wetu ulikuwa unakatika. Asubuhi ya yule mzee ulikatika, ukarudi, na kwa kumbukumbu za mapokezi wa kwanza kufunguliwa faili alikuwa mtoto mchanga aliyezaliwa wiki ile.

Waliokwama ndio wagonjwa wetu wa muda mrefu, wa sukari, wa presha, wa kifafa. Wenye kujulikana kuliko wote, na wenye mzio ulioandikwa.

Nilirudi kwa daktari. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba nilisahau salamu, na yeye hakuiuliza. Nilimwomba tuende wodini. Kwenye ile kompyuta ya wauguzi nilifungua jina la mzee, kama dada alivyofungua. Tulisubiri tukiwa tumesimama. Skrini ilifikiri, ikafikiri, kisha ikatulia. Sehemu ya mzio ilikuwa tupu, safi, nyeupe. Nyuma yetu mzee mwenyewe alikuwa anakohoa.

Daktari alishika kiti. "Wauguzi wanaangalia hii hapa sasa hivi? Na wale wa dirisha la dawa nao?"

"Ndiyo, dokta."

Alitoka wodini karibu akimbie. Nilimsikia kwenye korido akiwaambia wauguzi kwamba kuanzia dakika ile hakuna kuamini skrini, kila mgonjwa aulizwe kwa mdomo, na asiyeweza kujibu aulizwe ndugu yake. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti. Mimi nilirudi kwa seva. Katika historia ile njia nzuri ya zamani ilikuwa bado imehifadhiwa, kwa hiyo niliichagua na kuifunga, seva isiruhusiwe kutumia nyingine kwa swali lile hata iwashwe mara ngapi. Mstari wa grafu ukaanguka chini pale pale. Nilidhani nitapumua. Badala yake nilitazama kushoto, kwenye wiki zilizopita, na kuona ukuta mwingine. Na mwingine nyuma yake.

Kesho yake dada aliitwa kazini. Daktari alimwomba radhi mbele ya wauguzi wote, na aliongea mwenyewe na watoto wa mzee. Dada alishukuru, akavaa aproni, kisha akaja moja kwa moja kwenye chumba changu, akafunga mlango, akausukuma.

"Hao wengine ni akina nani?" aliuliza, maana usiku nyumbani nilikuwa nimemweleza habari za zile kuta nyingine.

Hilo ndilo nililokuwa naogopa kuulizwa. Historia ya seva haikutunza majina. Ilijua kwamba katika saa fulani maswali kadhaa yalikatishwa, basi. Kuwapata watu ilibidi tupite njia ndefu: kuchukua kila saa mbaya, kuangalia nani alihudumiwa saa hiyo, nani kati yao ana mzio, na nani alipewa dawa ya jamii ile ile inayomdhuru. Tulikaa pamoja, mimi nikisoma, yeye akitafsiri majina ya dawa. Kila alipovuta pumzi nilikuwa nageuka kumtazama usoni.

Wengi hawakuwa wamepewa dawa mbaya. Wachache waliobaki walipigiwa simu. Mama mmoja wa Dongobesh alisema aliwashwa mwili mzima, akadhani ni samaki aliowala. Baba mmoja alisema hakumaliza dozi. Walicheka kwenye simu, wakashangaa hospitali kuwatafuta. Sisi hatukucheka.

Akabaki mmoja asiye na namba ya simu. Mwanamke kijana wa Dirma, wa jamii ya wafugaji, mgonjwa wetu wa kifafa. Alikuwa akipanda kila mwezi kuchukua dawa, hakosi. Mara ya mwisho alikuja na jeraha la moto, alikuwa ameanguka mekoni kifafa kilipomshika. Alipewa vidonge vya salfa kwa ajili ya kidonda. Faili lake lilisema salfa iliwahi kumbabua ngozi. Saa aliyopewa ilikuwa moja ya zile saa mbaya. Na tangu siku hiyo hakurudi, hata dawa yake ya kifafa hakuja kuchukua.

Dada alivua miwani. "Mtu wa kifafa haachi dawa hivi hivi," alisema.

Tulipewa gari la kliniki ya mkoba, lile la kupeleka huduma vijijini, na dereva aliyekuwa anajua Kidatoga, lugha ya kule chini. Barabara inashuka kutoka kwenye baridi yetu mpaka kwenye tambarare, na joto liliongezeka kadiri tulivyoshuka. Nilikuwa nimeshajua tutakachokuta. Nilikuwa nimemwona mpaka mama yake, kichwani mwangu, na maneno atakayotuambia. Dereva aliongea habari za mvua peke yake. Dada alikuwa ameshika begi la dawa mapajani kwa mikono yote, na midomo yake ilikuwa inatembea. Nadhani alikuwa anasali.

Tuliuliza njia mara nyingi. Mtu wa mwisho kumuuliza alikuwa mchunga ng'ombe, na dereva alipomtajia boma tunalolitafuta, yule mtu aliangalia nembo ya hospitali mlangoni, akasema maneno machache na kuonyesha kwa fimbo.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema tumechelewa," dereva akajibu.

Sikumbuki vizuri kipande cha njia kilichofuata. Nakumbuka miiba ikikwaruza gari, na dada akiniambia nipumue.

Kwenye boma alitoka mama mtu mzima, mama mkwe wa yule tuliyemtafuta, shuka begani, bangili za shaba mikononi. Dada alimsalimia kwa Kiswahili, "Shikamoo, mama," yule mama akaitikia, kisha dereva akaongea naye kwa lugha yao. Nilikuwa nawatazama midomo kama kiziwi. Mama alikunja uso. Aligeuka, akaita kuelekea nyumba ya ndani. Hakuna aliyetoka. Akaita tena.

Mwanamke kijana akainama mlangoni, akatoka, mkono wake umefungwa kitambaa. Ngozi yake ilikuwa nzima. Dada alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo tena, akakaa chini palepale kwenye vumbi la boma, na aproni yake.

Yule mchunga ng'ombe alikuwa na maana nyingine kabisa. Mama alieleza kwamba bila shaka alidhani tumekuja kwa ajili ya chanjo ya watoto, iliyofanyika juzi yake.

Tulipewa vigoda. Dereva alimuuliza yule kijana kuhusu vidonge vya kidonda. Alijibu kwa kirefu, macho chini, na dereva akatutafsiria akisitasita.

"Anasema aliviona akavijua. Ndivyo vilivyombabua zamani. Anasema aliwaambia pale dirisha la dawa."

"Alimwambia nani?" dada akauliza.

"Aliyekuwa dirishani. Alimwambia kwa Kidatoga. Yule wa dirishani akatazama kompyuta, akasema hakuna shida, akampa. Akavipokea asionekane hana adabu. Njiani akavitupa."

"Na dawa ya kifafa? Mbona hakurudi?"

Safari hii mama mkwe ndiye aliyejibu, na kwa sauti ya juu. Dereva alisubiri amalize. "Mama anasema mtoto wao hawezi kurudi kwa watu wanaompa kitu cha kumuua halafu wanatabasamu. Anauliza kama sisi tungerudi."

Dada alimjibu mwenyewe, polepole, kwa Kiswahili, akimtazama mama usoni. "Nisingerudi, mama." Dereva hakulazimika kutafsiri.

Tulimwosha kidonda, tukamwachia dawa nyingine, na dawa yake ya kifafa ya kutosha. Alikuwa ameanguka mara kadhaa katika muda ule asiokuwa na dawa, na mara moja alianguka karibu na kisima. Alipotuonyesha alama kwenye paji la uso, furaha yangu yote ilipoa. Alikuwa hai, lakini mfumo wetu ulimdhuru hata hivyo, kwa njia ambayo grafu yangu isingeonyesha.

Tulirudi juu jioni haijaingia bado. Nilimweleza daktari kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atatafuta mtu wa kukaa dirisha la dawa anayejua Kidatoga, na kweli alimtafuta, na fundi wa Arusha naye alikuja wiki ile kubadilisha ile nafasi tupu. Siku hizi swali likikatishwa skrini inasema wazi kwamba haijui, na dawa haitoki.

Nilipokuwa nataka kuondoka, daktari aliniuliza, "Hiyo historia ya seva inaanzia lini?"

Nilimwambia. Ilikuwa inajifuta yenyewe ikishajaa, kwa hiyo ilikuwa na miezi michache tu.

"Na kabla ya hapo?"

"Sijui, dokta."

"Umeme ulikuwa unakatika."

"Ndiyo."

Alizungusha kalamu mezani. Wote wawili tulikuwa tunafikiria vitanda vilevile, na watu waliowahi kulala humo, ambao vifo vyao viliandikwa sababu tulizoziamini. Hakuna mahali pa kutafuta. Aliinuka, akachukua koti lake nyuma ya mlango, akaenda wodini kuwaona wagonjwa, nami nikabaki kwenye kiti, nikiogopa.